Ngiri Pia ni Mwalimu

Kabla uanze kunicheka, piga magoti hapo ulipo. Ndio, hata kama uko kwa keja ndogo na kuna ndoo ya maji katikati ya nyumba. Sogeza ndoo. Magoti chini, yaachane kidogo, makalio yabaki juu ya magoti. Sasa tambaza mikono mbele hadi viwiko viguse sakafu, kifua kishuke, makalio yasishuke. Angalia chini, si mbele. Vuta pumzi mara tano, polepole. Ukiskia mgongo wa juu, hapo katikati ya mabega, unaachilia kidogo, umefika. Huyo ni ngiri anakula nyasi.

Nimekuwa nikibuni mikao ya yoga kutoka kwa wanyama wetu kwa karibu mwaka mmoja sasa. Niko na ngiri, twiga, swara twiga, kinyonga, heroe, na yule ndege mkubwa wa Mombasa Road anayekaa kama mzee amevaa koti. Watu wanaoniona wamegawanyika mara tatu. Kuna wanaocheka, na hao hawana shida, kucheka ni mazoezi pia. Kuna wanaosema nachezea kitu cha Wahindi. Na kuna wanaosema nafungulia shetani mlango. Kuna pia watu wa nne, wenye pesa, nitawafikia. Leo nataka kuongea na wote, kwa sababu hii kitu inaonekana ya mchezo lakini ndani yake kuna swali la maana: nani ana ruhusa ya kubuni, na akibuni anafaa aseme nini?

Tuanze na ya kuchezea kitu cha watu. Ukiingia darasa lolote la yoga, iwe Westlands ama Mumbai, dakika kumi za kwanza utapita wanyama wengi mpaka udhani umelipa kiingilio cha mbuga. Mbwa anayeangalia chini. Paka. Ng'ombe. Swila. Ukiendelea kuna ngamia, njiwa, samaki, tai, nzige, hata nge. Kuna Simhasana, mkao wa simba. Hapo unakaa chini, unafungua mdomo wote, unatoa ulimi nje kuelekea kidevuni na kuachilia pumzi kwa sauti. Mtoto akiuona anadhani umewehuka. Lakini simba huyo ametajwa kwenye Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha Kisanskriti cha karne ya 15, pamoja na kobe, jogoo na tausi. Kwa hivyo mtu asikuambie yoga lazima mtu akunje uso kama ako kwa interview.

Halafu kuna kitabu kingine, Gheranda Samhita, cha karibu karne ya 17. Hicho ndicho kilinimaliza kabisa. Kinasema mikao ni mingi sawa na aina za viumbe duniani, na kwamba Shiva alifundisha laki 84. Kati ya hizo, 84 ndizo bora, na kati ya hizo 84, 32 zinawatosha binadamu. Piga hesabu: laki 84 ni milioni 8 na laki 4. Na hilo neno laki, tunalotumia tukiota kuhusu doo, asili yake ni hukohuko India. Yaani hata hesabu ya ndoto zetu tumeikopa.

Sasa angalia hiyo orodha ya 32. Iko na chura, ngamia, nzige, fahali, samaki, swila. Haina twiga. Haina ngiri. Hakuna mtu aliwakataa, ni vile India haina twiga wanaotembea porini. Waliotunga waliangalia viumbe waliokuwa karibu nao, jogoo uani na kobe mtoni, wakajiuliza mwili wa binadamu unaweza kujifunza nini hapo. Mimi ninachofanya ni hicho hicho, ila nje ya mlango wangu kuna wengine.

Na si India pekee. Uchina wana mazoezi yanayoitwa Michezo ya Wanyama Watano: chui milia, paa, dubu, nyani na korongo. Mapokeo yao yanasema yalitungwa na tabibu Hua Tuo, aliyeishi zaidi ya miaka 1,800 iliyopita. Watu wa mbali, lugha tofauti, lakini wote walifika mahali pamoja: ukitaka kujua mwili unafaa kusonga aje, angalia mwenye hajawahi kukaa kwa kiti.

Hata yoga ya leo yenyewe haikushuka ikiwa imekamilika. Yule mbwa anayeangalia chini, ambaye ni kama wimbo wa taifa wa yoga, hayumo kwenye orodha ya Pradipika wala ya Gheranda. Mengi ya tunayofanya darasani yalipata sura yake Mysore, kusini mwa India, miaka ya 1930, chini ya mwalimu T. Krishnamacharya. Mwanahistoria Mark Singleton aliandika kitabu mwaka 2010, Yoga Body, akionyesha vile yoga ya mikao ya kisasa ilikutana na mazoezi ya viungo ya enzi hizo, mpaka ya Ulaya. Kwa ufupi, watu wamekuwa wakiongeza na kupunguza muda wote.

Sawa, historia imetosha. Mikao yenyewe iko aje?

Yangu ya kwanza ilitoka kwa swali la mtoto. Baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa, nilikaa nyumbani miezi kadhaa nikiwa nimejikunja kwa simu hadi shingo ikaanza kulia kama mlango. Nikaanza yoga kwa video za bure. Binamu yangu wa miaka sita akawa anaiga kila kitu pembeni. Siku moja baada ya simba akauliza, "Na twiga anafanyanga aje?" Nikatafuta. Hakukuwa na twiga niliyempenda. Tukamtengeneza.

Twiga Anakunywa Maji: simama, tanua miguu mbali, zaidi ya mabega. Inama kutoka kwa nyonga, si kutoka kwa mgongo, mikono ishuke kwa sakafu ama kwa kiti. Kaa hapo pumzi tano. Twiga halisi anafanya hivyo kwa sababu shingo yake, pamoja na urefu wote ule, haifiki majini akiwa amesimama wima. Na hiyo shingo iko na mifupa saba pekee, sawa na yako. Lakini kuna tofauti moja ya maana. Moyo wa twiga unasukuma damu kwa presha karibu mara mbili ya yetu, na mwili wake una vali kwenye mishipa ya shingo na mtandao wa mishipa midogo karibu na ubongo, ndio asizirai akiinama na kuinuka. Wewe huna hizo vitu. Kwa hivyo inuka polepole, mkono kwa paja, kichwa kiwe cha mwisho. Mwenye presha ama kizunguzungu, huyu twiga si wako.

Ngiri tayari mmemfanya. Ngiri anakula akiwa ni kama amepiga magoti, ila yale si magoti. Kwa mguu wa mbele wa mnyama, kile tunachoita goti ni sawa na kifundo cha mkono wako. Yaani ngiri anatembea kwa vifundo vya mikono akitafuta nyasi, na ana sugu ngumu hapo. Wewe huna sugu, kwa hivyo kunja sweta uweke chini ya viwiko na magoti. Hii ndiyo pozi ya mtu yeyote anayeinama kazini siku nzima.

Swara Twiga ni yule swala mwenye shingo ndefu wa Samburu na Tsavo, anayesimama kwa miguu miwili ya nyuma kula majani ya juu. Simama karibu na ukuta, inuka kwa vidole vya miguu, nyosha mikono kama unatafuta kitu juu ya kabati. Gusa ukuta ukitaka, yeye pia anaegemeza miguu ya mbele kwa matawi.

Marabu wa Nyayo ni wa watu wa Nairobi. Umepita pale karibu na uwanja wa Nyayo ukawaona juu ya miti, mabega juu, shingo imezama, wanaangalia matatu kama wanadai kodi. Simama hivyo kwanza: zamisha shingo, pandisha mabega, shika mikono nyuma ya mgongo. Halafu ukitoa pumzi shusha mabega, nyosha shingo juu, vuta mikono chini na nyuma kidogo. Rudia mara sita. Marabu pia hujinyea miguuni ili kupunguza joto. Hiyo sehemu hatuigi.

Kinyonga ni wa wenye haraka. Hatua moja mbele, unayumba mbele, unayumba nyuma, kama jani kwa upepo, halafu ndio unakanyaga. Hesabu hadi nane kwa kila hatua. Watoto wanamchukia kwa dakika moja ya kwanza, halafu wananyamaza wote, na hiyo ni miujiza ambayo sijaona kwa njia nyingine.

Na heroe, wale flamingo wa Bogoria. Simama kwa mguu mmoja. Rahisi kusema, lakini huyu ndiye amenifunza zaidi. Mwaka 2017 watafiti wawili Marekani, Young-Hui Chang na Lena Ting, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba hata mwili wa heroe aliyekufa unaweza kusimamishwa kwa mguu mmoja bila misuli kufanya kazi yoyote. Mifupa na viungo vyake vinajifunga vyenyewe. Yaani mguu mmoja kwake ni kupumzika. Kwako ni kazi, kifundo kinatetemeka, nyonga inajitetea. Kuiga mnyama hakukufanyi uwe yeye. Unajua tu wapi mwili wako ni tofauti, na hapo ndipo unaanza kuusikiliza.

Sasa turudi kwa lawama.

Kuna mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Ngara, ambapo huwa naenda kununulia mama nyuzi. Familia yake iko Kenya tangu babu yake. Alinikuta nikimwonyesha kijana wa dukani yule marabu. Nikadhani atakasirika. Aliangalia mpaka mwisho, akaniuliza hiyo ni nini, nikamwambia, "Mzee, ni yoga, lakini nimebuni mimi." Akasema umbo halimsumbui, hata yeye akiwa mdogo walikuwa wanachekeshana na simba. Kinachomuuma ni watu kuchukua umbo na kutupa yale mengine. Akaniuliza kama najua yoga inaanza wapi. Nikasema kupumua. Akatikisa kichwa. Akasema inaanza kwa kutodhuru, halafu kusema ukweli, mikao inakuja baadaye.

Nilienda kusoma. Kweli, kwenye Yoga Sutra za Patanjali, ngazi ya kwanza ni yama, na yama inaanza na ahimsa, kutodhuru, kisha satya, ukweli. Mikao ni ngazi ya tatu. Tangu hapo hizo mbili ndizo sheria zangu. Kutodhuru: kila pozi naifanya mwenyewe wiki mbili kabla mtu mwingine aijaribu, na kuna moja ya nyoka kumeza yai nimeitupa kwa sababu ilikuwa inabana shingo, hata kama ilikuwa inachekesha ajabu. Ukweli: kila mara nasema yoga imetoka India, na huyu mnyama nimemwongeza mimi.

Hiyo ya pili ndiyo ilikuja kunigharimu.

Kampuni moja, jina nalihifadhi, ilinitafuta. Walitaka video tatu, elfu arobaini na tano. Rent yangu na ya mama ni elfu nane na mia tano, so jifanyie hesabu. Shida ilikuwa maneno. Walitaka niseme hizi ni mikao ya kale ya Wamaasai, iliyopotea, na sasa nimeifufua. Nikawaambia naweza kufanya video hizo kesho, ila nitasema ukweli, kwamba twiga alizaliwa sebuleni kwetu kwa sababu mtoto aliuliza. Wakanijibu kwamba hakuna mtu ananunua sebule, watu wananunua ukale.

Nilikataa. Sitawadanganya ati ilikuwa rahisi. Mwezi huo tulikula sukuma wiki mpaka nikaogopa kugeuka kijani. Lakini fikiria ningekubali. Ningekuwa nimechukua kitu cha India nikafuta jina lao, halafu nikawavisha Wamaasai uongo ambao hawakuomba. Wamaasai wana adumu yao, ile ya kuruka, wanaijua na wanajua inafanywa lini na kwa nini. Hawahitaji mimi niwatungie urithi ili mtu auze chupa za maji.

Na mimi sioni aibu kwa kitu kuwa kipya. Angalia chapo. Chapati ilikuja na Wahindi, wengi wao wakati wa kujenga reli kati ya 1896 na 1901 na baadaye. Sisi tukaichukua, tukaongeza mafuta, tukaikunja iwe na matabaka, tukaifanya ya Krismasi. Leo chapo ya mathe si ile ya Gujarat. Hakuna Mkenya anasema chapati ni ya kale ya kabila lake, na hakuna anayeomba msamaha kwa kuikunja. Na Wakenya wa asili ya Asia wenyewe walitambuliwa rasmi mwaka 2017 kuwa kabila la 44. Kwa hivyo hata hilo neno "kitu cha Wahindi," tuliseme kwa akili, kwa sababu wengine wao ni majirani wa miaka mia na zaidi.

Imebaki shetani. Hapa naongea kwa upole kwa sababu hapa ni nyumbani.

Mama yangu ni fundi wa nguo. Amekaa kwa cherehani tangu kabla nizaliwe, ameinama saa kumi kwa siku, na mgongo wake unamwambia. Pia ni mtu wa kanisa, wa maombi ya alfajiri. Marafiki wangu wengine wanaotengeneza video waliniambia, buda, mwambie tu ni mazoezi, usitaje yoga, atafanya. Na kweli angefanya. Lakini mwili ni wake na imani ni yake. Siwezi kukataa kudanganya watu nisiowajua kwa elfu arobaini na tano halafu nimdanganye mathe bure.

Kwa hivyo alipouliza, "Wewe mtoto, hiyo ya kuinua makalio ndiyo nini?" nikamwambia, "Ni ngiri, mama."

"Si hiyo ndiyo yoga?"

"Njia imetoka kwa yoga. Ngiri nimemtoa Tsavo."

Akanyamaza, akauma uzi kwa meno. Halafu akasema, "Ngiri aliumbwa na Mungu, na mimi nimemuona kwa macho yangu tukienda Voi. Huyo nitafanya. Lakini ile ya kufunga macho na kuimba maneno sijui, hiyo usiniletee."

Nikamwambia sawa. Na imebaki sawa. Anafanya ngiri na marabu kila jioni akimaliza kushona, kwa leso, redio ikiwa juu, nyimbo za injili. Haijamponya mgongo, na akizidiwa bado naye ni kliniki, yoga si daktari. Ila anasema siku hizi anageuka kitandani bila kuniamsha kwa kilio. Siku moja nilimpata akimwonyesha jirani, akimwambia, "Imetoka India lakini ngiri ni wetu." Sijawahi kumfundisha hiyo sentensi.

Kwa hivyo kama unataka kubuni yako, na natamani ubuni, fanya hivi. Mwangalie mnyama mmoja kwa dakika kumi bila simu. Tafuta kitu kimoja anachofanya kwa sababu, kama kula, kunywa, kujinyosha, kupumzika. Uliza ni sehemu gani ya mwili inafanya kazi, na kama wewe uko na hiyo sehemu. Punguza hadi isiume. Kama inauma ama ganzi inaingia, toka, hakuna mtu anakupea medali. Mpe jina ambalo mtoto ataelewa. Na ukimfundisha mtu, mwambie imetoka wapi, yote, hata sehemu ya sebuleni.

Mimi wiki hii niko na punda wa mkokoteni. Kuna mmoja hapa mtaani, akifunguliwa jioni baada ya kubeba maji anajigaragaza kwa vumbi, miguu juu, mara hii upande huu, mara hii ule, halafu anasimama na kujikung'uta kama hajawahi kufanya kazi maishani. Nimemwangalia siku nne. Sijajua bado hiyo inaingia aje kwa sakafu ya simiti bila kuumiza uti wa mgongo. Mwenye ako na wazo aniambie, na nikimtumia nitasema ni la nani.